Inchi Tatu za Mwanzo

Injinia hakuwa injinia hata kidogo. Alikuwa mtunza stoo wa shule ya sekondari, mtu wa kuhesabu viti, ndoo na maboksi ya chaki, na jina hilo majirani walimpa kwa dhihaka mwaka aliojenga banda la kuku likaanguka kabla kuku hawajahamia. Mwenyewe alilipokea kama cheo. Ukimwita kwa jina la kuzaliwa, huenda asigeuke.

Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Wateja walimwita Fundi, mumewe alimwita Mama Pacha, kwa ajili ya vijana wao wawili waliozaliwa siku moja na kuondoka nyumbani mwaka mmoja, kila mtu na kazi yake mji wake. Chumba chao ndicho kilichogeuka kuwa chumba cha mapazia. Kilikuwa na dirisha kubwa la upande wa jua la asubuhi, na chini ya dirisha hilo cherehani yake ilikuwa imekaa miaka kumi na mmoja bila kusogezwa hata wakati wa kupaka rangi.

Ugomvi wenyewe ulianza Jumamosi moja saa mbili asubuhi, vikombe vikiwa bado mezani. Injinia alitandaza karatasi ya mraba aliyoichana kwenye daftari la shule, akaipiga pasi kwa kiganja.

"Chumba cha nyongeza," alisema. "Nyuma ya jiko. Dada anahamia."

Fundi hakuitazama karatasi. Alitoa kwenye mfuko wa gauni kijikaratasi kinachong'aa, chenye picha ya hoteli iliyoezekwa makuti na maji ya rangi ambayo hakuwahi kuipata dukani kwenye nyuzi. Akakiweka juu ya mchoro, katikati kabisa.

"Kisiwani," alisema. "Wiki moja. Tulikubaliana, Baba Pacha. Tuliweka akiba miaka sita, na ulisema kwa mdomo wako huo huo."

"Nilisema tutaona."

"Na mimi nataka kuona."

Na alikuwa na haki ya kutaka. Hoteli hiyo ndiyo iliyokuwa mteja wake mkubwa. Kila msimu mnunuzi wa hoteli alimletea orodha ya madirisha, naye alikata, akashona, akakunja na kufunga mizigo iliyokwenda bandarini bila yeye. Alivijua vyumba vya kisiwani kwa inchi. Namba sita ina dirisha jembamba la kukera. Namba tisa ina kona inayokula kitambaa. Namba kumi na nne ina dirisha la ukuta mzima, na pazia lake peke yake lilimchukua siku tatu. Mara moja alimuuliza yule mnunuzi mtu akilifungua pazia la kumi na nne anaona nini. Mnunuzi alikuwa na haraka zake. "Maji tu, mama," alisema. Tangu siku hiyo Fundi alikuwa na hamu moja duniani, kusimama nyuma ya pazia lake mwenyewe, alivute, ayaone hayo maji tu.

"Kisiwa hakihami," Injinia alisema. "Dada anahamishwa. Watoto wa marehemu shemeji wameiuza nyumba. Unataka alale wapi, kituo cha polisi?"

"Ana wadogo wengine wanne."

"Amenilea mimi."

Fundi alizidi kuchukia. Huyo dada, yaani wifi yake, alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Miaka thelathini alizunguka masokoni akikamata wauza nyama waliochokonoa mizani yao, na kustaafu hakukumtoa kazini. Alipowahi kukaa nao miezi mitatu alipanga upya masufuria, akapunguza chumvi ya watu, na siku moja, mbele ya mteja aliyekuja na pesa mkononi, alilishika pazia kwa ncha mbili na kusema, "Hili limepinda." Halikuwa limepinda. Mteja aliondoka kwenda kufikiria, na mpaka leo anafikiria.

"Chagua basi," Injinia alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya stoo. "Au nijenge, au dada alale chumba cha mapazia na cherehani yako uipeleke kibarazani. Akiba haitoshi vyote viwili. Hilo hata mapacha wangelielewa wakiwa wananyonya."

Fundi alikichukua kijikaratasi chake, akakirudisha mfukoni. "Jenga," alisema. "Jenga mpaka ufike kisiwani."

Hawakusemeshana mpaka Jumatano, isipokuwa kuhusu gesi.

Mchoro wa Injinia, tumpe haki yake, ulikuwa wa mtu aliyeufikiria. Nyuma ya jiko nafasi ilikuwa finyu, kwani upande mmoja kulikuwa na ukuta wa mpaka na mbele kidogo kulikuwa na tangi la maji machafu. Upana wa chumba ulikuwa umeshajikata wenyewe, na kitanda cha wifi kingeujaza wote kwa urefu wake. Urefu wa chumba aliupanga futi kumi na mbili kamili, kitanda futi tano, kabati futi nne, mlango futi tatu. Hakuacha hata pa kupitisha panzi. Mwashi alimwambia wafike karibu zaidi na tangi, waongeze futi moja ya kupumulia. Injinia alikataa. Futi moja ni matofali, alisema, na matofali hayaoti. Ana mkono wa birika, Fundi alijisemea dirishani, hata kwa dada yake.

Siku ya kupiga kamba ya msingi, tepu ya chuma ya mwashi ilikwama. Springi ilikufa, utepe ukatoka nusu na kugoma kurudi. Mtu mwingine angetuma dukani. Injinia aliingia ndani kwa hatua ndefu, akafika kwenye msumari ulio kando ya cherehani, akaivuta tepu ya kitambaa ya mkewe bila hodi wala samahani, akatoka nayo.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana ndilo lililowavunja. Tepu ya mshonaji haiazimwi. Si roho mbaya, ni kwamba inajuana na mkono mmoja. Ya Fundi iliunguzwa na pasi miaka minane nyuma, mwanzoni kabisa, naye akaikata kipande kilichoungua. Haikuanzia sifuri. Ilianzia tatu. Yeye hakuhitaji hata kukumbuka, kila alichopima mkono wake uliongeza inchi tatu wenyewe, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango mfupi wa nyumbani kwake.

Injinia hakuutazama mwanzo. Aliubana ule mwanzo kwa dole gumba kwenye kona ya jiko, mwashi akavuta mwisho na kusoma. Inchi sitini. Wakatia alama, wakahama. Sitini tena. Wakahama. Ishirini na nne. Kigingi kikapigwa.

Fundi aliyaona yote kutoka dirishani, pini zikiwa mdomoni. Mara tatu, inchi tatu tatu. Tisa. Hata hakuhesabu, zilijihesabu. Akatema pini kwenye kiganja, akatoka mpaka mlango wa nyuma.

"Baba Pacha, hiyo tepu..."

"Tepu yako itarudi! Hatuili!"

"Nilitaka kusema kwamba..."

"Mama Pacha." Injinia hakugeuka hata kugeuka. "Wewe kaa na mapazia yako. Mambo ya ujenzi tuachie wenyewe."

Mwashi akacheka. Hakucheka sana, alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipwa kwa siku. Kilitosha.

Fundi alirudi ndani, akakaa na mapazia yake. Angeweza kusema kwa neno moja, kabla jembe halijagusa ardhi, na kusingepotea kitu ila dakika kumi. Hakusema. Na tusimfanye malaika, alipata raha. Ilikuwa raha ndogo, moto, chini ya mbavu. Kabati la wifi lilikuwa futi nne, yeye mwenyewe aliwahi kulishonea kifuniko. Alijua halitaingia.

Msingi ulichimbwa. Zege likamwagwa. Jioni ya zege Injinia alikula akiwa na furaha, saruji bado kwenye nyusi, na katikati ya mlo akasema bila kumwangalia, "Kikibaki kitu, tutaangalia habari ya kisiwa chako."

Fundi alisimamisha kijiko. Zege lilikuwa bado bichi. Angesema usiku ule, kesho wangelisogeza, kingebaki hicho kitu. Lakini sentensi hiyo ya "kikibaki kitu" alikuwa ameshaila mara nyingi. Ililetwa kabla ya friji, ikaletwa kabla ya mahafali ya mapacha, na kila mara kilichobaki kilikuwa maneno. Hata hivyo alifungua mdomo. Nataka hilo lieleweke, alifungua mdomo.

Simu ya Injinia ikalia. Alikuwa na tabia ya kuiweka sauti ya juu kwa kuwa mikono yake daima ilikuwa na kitu.

"Mdogo wangu," sauti ya wifi ilijaa chumbani, "mwambie mkeo asiniwekee mapazia yake. Nakuja na yangu. Yaliyonyooka."

Injinia akakohoa. "Sawa, dada," alisema. Aliona haya, ilionekana, lakini hakusema zaidi ya sawa, dada.

Fundi alimaliza chakula chake. Ukuta ukapanda wiki hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Kila siku alipeleka chai kwa mwashi, kila siku aliutazama ukuta na kuona jinsi ulivyosimama mahali pabaya kwa ujasiri wote, na kila siku kusema kulikuwa kugumu zaidi ya jana, kwa sababu sasa angelazimika kusema pia kwa nini hakusema jana. Bati likapigwa. Mlango ukatiwa. Injinia akapaka rangi mwenyewe, akipiga mluzi, na wakati mwingine Fundi alimkuta amesimama katikati ya kile chumba akitabasamu peke yake, akaona ni ujinga wa mwanamume na ukuta wake.

Wifi alifika Jumapili saa nne asubuhi, mbele ya lori, karibu na dereva, mkoba mapajani. Alishuka, akaitazama nyumba toka bati mpaka msingi, akasema, "Mmenenepa wote wawili," na kazi ikaanza.

Kitanda kiliingia. Urefu wake ulijaza upana wa chumba kama ilivyoandikwa, Injinia akapiga makofi. Kisha likaja kabati, watu wanne na mwashi wa tano, aliyekuja kumalizia malipo yake. Waliliinua, wakaliinamisha, wakalisukuma mpaka likagusa kitanda. Mlango haukufunguka. Kona ya kabati ilikuwa imekaa ndani ya njia ya mlango, upana wa kiganja kilichokunjuliwa.

"Sukumeni," Injinia alisema.

"Tumefika kitandani, mzee."

"Sukumeni kitanda!"

"Kitanda kimefika ukutani."

Injinia alichomoa mchoro mfukoni, akausoma kama barua ya msiba. Kitanda tano, kabati nne, mlango tatu. "Kumi na mbili," alisema. "Tulipima kumi na mbili!"

"Mimi nilifuata kamba," mwashi alisema haraka.

Fundi alikuwa amesimama kizingitini na trei ya glasi za maji. Aliungojea wakati huu wiki sita, na ulipofika haukuwa na utamu wowote. Mumewe alikuwa amelowa jasho, shati limemganda, na alionekana mzee.

"Mlipima na nini?" wifi aliuliza.

Wifi hakuwa mtu wa kungoja jibu. Alifuata macho ya mdogo wake mpaka ndani, mpaka chumba cha mapazia, mpaka kwenye msumari. Alirudi na tepu, ameining'iniza kwa vidole viwili kama mkia wa panya. Miaka thelathini ya masoko ilikuwa machoni mwake. Hakuutazama mwisho wa tepu. Aliutazama mwanzo.

"Hii imekatwa," alisema. "Inaanzia tatu."

Injinia aliichukua, akaigeuza, akaupitisha mwanzo kati ya vidole kama mtu asiyeamini kidole chake mwenyewe.

"Mama Pacha. Ulijua?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na trei mkononi, angeweza hata kuiangusha. "Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kamba. Nilikuja kukwambia. Ukaniambia nikae na mapazia yangu. Nimekaa."

"Wiki sita?" Sauti ya Injinia haikupanda, na hilo lilitisha kuliko kelele. "Wiki sita unaniletea chai, unaniangalia napaka rangi?"

"Na wewe wiki sita umeniangalia. Uliniuliza nini hata siku moja?"

Injinia alitia mkono mfuko wa kifuani. Alitoa bahasha iliyolowa jasho pembeni, yenye alama ya makuti ambayo Fundi aliijua vizuri kuliko sahihi yake mwenyewe. Hakumpa. Aliifungua yeye, akasoma kwa sauti, mbele ya wabebaji, mwashi na dereva wa lori, kama anavyosoma orodha ya vifaa vilivyopokelewa.

"Chumba namba kumi na nne. Watu wawili. Siku saba. Kuanzia Alhamisi ijayo." Alikunja karatasi. "Yule mnunuzi wako alinisaidia. Nilimwambia asikwambie. Unadhani kwa nini nilikataa futi moja ya mwashi? Kwa nini sikununua tepu, sikuajiri kibarua, nimepaka rangi mwenyewe na mgongo huu? Nilitaka kibaki kitu. Nilitaka dada akishaingia, nikupe leo."

Fundi alitaka kusema pole, na pole ilifika mpaka kwenye meno. Lakini nyuma yake ilikuja nyingine: kwa nini hukusema? Kwa nini mtu afiche jema kwa mkono huu na kunitukana kwa mkono ule? Zilikwama mlangoni zote mbili, kama kitanda na kabati, haikutoka hata moja.

"Irudishe basi hiyo pesa," alisema, na hata yeye hakujua kwa nini amechagua hilo. "Vunjeni ukuta mjenge."

"Hairudishwi. Imeandikwa hapa." Injinia aliirudisha bahasha kifuani, akafunga kifungo. "Nitakwenda na dada."

"Mimi sijaomba," wifi alisema.

"Mtu aliyenyamaza wiki sita ataweza kunyamaza moja zaidi," Injinia alisema. "Abaki amsimamie mwashi. Vipimo anavijua."

Wifi alimtazama Fundi, si kwa chuki, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimekamata watu wengi wa mizani," alisema. "Wote walikuwa wakiwaibia wengine." Akaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, maana yale ya kwenye trei hakuna aliyeyagusa.

Usiku huo kitanda na kabati viliingia chumba cha mapazia, kwa muda, walisema. Cherehani ilitolewa chini ya dirisha kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, ikapelekwa kibarazani na kufunikwa gunia. Hakuna aliyepigana. Siku tatu zilizofuata nyumba nzima ilizungumza kwa kubamiza milango, na jioni ya Jumatano Fundi alimpigia mumewe shati la safari pasi, akalitundika, naye akalivaa asubuhi. Hata mumewe alipokuwa anapanda gari, Fundi alifikiri atageuka. Hakugeuka, na yeye hakuita.

Mwashi alifika Ijumaa na nyundo. Saa tano ukuta wa mwisho ulikuwa chini, vumbi limejaa mpaka kwenye sufuria, na Fundi alikuwa akiokota matofali mazima mazima kuyatenga na yaliyovunjika, kwa kuwa matofali hayaoti, simu ilipotikisika mfukoni.

Ilikuwa picha kutoka kwa wifi. Pazia la kumi na nne, limefungwa, kutoka juu mpaka chini, ukuta mzima. Pindo lilitua sakafuni bila kuburuta wala kuning'inia. Maji hayakuonekana. Chini wifi alikuwa ameandika maneno mawili: *Pazia limenyooka.*

Fundi aliisogeza picha karibu na macho, akaisogeza mbali. Pembeni, kwenye ukingo wa kitambaa, palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Aliukuza mpaka ukawa vidoa vidoa. Halafu akaandika, kwa kidole chenye vumbi: *Lifungueni basi, nione.* Alikaa juu ya rundo la matofali akiyatazama maneno hayo. Alikuwa na uchungu wa kumtosha mtu miaka, na hakuwa na wa kumlaumu ila nusu kwa nusu. Akayafuta, herufi moja moja, mpaka neno la kwanza.

"Mama," mwashi aliita kutoka kwenye kona ya jiko. "Ile ya kwangu bado mbovu. Nimechukua hii yako ya msumarini." Alikuwa ameishika tepu ya kitambaa, dole gumba limebana mwanzo wake ukutani. "Tunaanzia wapi?"

Fundi alitia simu mfukoni, akainuka, akajipangusa mikono.

"Inaanzia tatu," alisema. "Kila ukihama, ongeza tatu."